Mjomba Aliyepitia Dakar

Kutoka Fatick, mji wetu hapa Senegal, kwenda Ziguinchor unashuka kusini, unapita Kaolack, unavuka Gambia, umefika. Mtu anayepanda kwanza kaskazini hadi Dakar ili apate meli ya kumrudisha kusini ana sababu yake, na Mbagnick Ndong alikuwa na sababu ambayo hakumwambia mtu.

Alikuwa fundi wa magurudumu ya mikokoteni ya farasi, mwenye umri wa miaka arobaini na sita. Kibanda chake kiko mkabala na mahali magari ya safari yanaposimama, nami nilipita hapo kila asubuhi nikienda shuleni kufundisha, miaka kumi na tisa. Kazi yake ilikuwa ya uaminifu. Gurudumu alilolifunga yeye halikuyumba. Tatizo lake lilikuwa kutotulia. Gari la Dakar likisimama, aliacha nyundo, akaenda kuwauliza abiria walioshuka kununua karanga kama ni kweli kwamba huko bahari iko pande tatu. Yeye mwenyewe hakuwahi kupita Mbour, nusu ya njia ya kwenda huko. Kwanza alikuwa na mama mgonjwa, halafu watoto wadogo, halafu siku zote kulikuwa na farasi wa mtu anayesubiri.

Mwaka huo, mwezi wa Februari, mpwa wake Téning alikuwa anaolewa Ziguinchor. Kwetu Waserer, mjomba ndiye mwenye mtoto. Baba atasema yote atakayosema, lakini mjomba asipokaa mkekani akatamka kwamba amekubali, watu hutazamana. Ni yeye pia anayemfunika bibi arusi kitambaa kilichofumwa cha upande wa mama. Mbagnick hakuwa na ndugu mwingine wa tumbo moja isipokuwa Dibor, mama wa Téning, na Dibor alimpigia simu mara tatu.

"Ni Jumamosi baada ya alasiri," alimwambia. "Njoo mapema, kaka. Usiniaibishe mbele ya wakwe."

"Barabara ya Gambia ina usumbufu mpakani," Mbagnick alijibu. "Nitapanda meli ya Ijumaa. Jumamosi asubuhi niko kwako."

Mpakani hapakuwa na usumbufu wowote. Wiki nzima magari yalikuwa yakipita. Ulikuwa uongo mdogo, na ndiyo maana nautaja. Uongo mkubwa mtu huuogopa. Huu mdogo huubeba begani kama mzigo usio na uzito.

Ijumaa saa tatu asubuhi alikuwa bandarini Dakar, kitambaa kimo mfukoni mwa begi lake. Aliyekuwa akiandikisha abiria alikuwa mama mmoja wa makamo, Arame Diatta, Mjola wa Casamance, jimbo la Ziguinchor. Alisoma kitambulisho, akainua macho.

"Ndong. Mserer. Nani amekuruhusu kutoka nyumbani bila bwana wako?"

"Bwana ndiye mimi," Mbagnick akasema. "Na wewe punguza wali wa asubuhi, umekujaa mpaka machoni."

"Afadhali wali. Wewe mtama umekukwama kooni, unalia kama punda. Unakwenda kwetu kufanya nini, mtumwa wangu?"

"Kumwozesha mpwa wangu. Nikimaliza nitapita kijijini kwenu kuhesabu watumwa wangu, nione kama wametimia."

Foleni nzima ilicheka. Mserer na Mjola ni watani tangu enzi za mababu. Wakikutana huanza kwa matusi, na asiyetukana ndiye mwenye kinyongo. Arame alimpa kadi yake ya kupandia.

"Sasa sikiliza. Lango linafungwa saa tisa. Ukichelewa, hata ukileta wafalme wenu wote wa Sine waje kulia hapa, huingii."

"Meli yenyewe inaondoka saa ngapi?"

"Saa mbili usiku."

"Basi saa tisa mpaka saa mbili mtakuwa mnakula. Nitakuja mkishanawa."

"Saa tisa, Ndong."

"Nimekusikia, mtumwa."

Hakusikia. Yule mama alikuwa ametoka kwenye utani na kuingia kwenye kazi, na sauti yake ilikuwa imebadilika, lakini Mbagnick aliyaweka maneno yote kwenye kapu moja. Mgeni kutoka nchi nyingine, asiyejua utani wetu, angelielewa onyo lile mara moja.

Akaingia mjini. Alipanda hadi kwenye uwanja mkubwa wa katikati, akautazama kwa muda ambao mtu hutumia kufunga kiatu, akaondoka. Akashuka soko la Sandaga, ambako wauza saa walimshika mkono, hakusimama. Alikunywa kahawa ya Touba, ile ya viungo vikali, huku anatembea, akaungua ulimi. Kila mtaa alioingia aliona mwisho wake, na mwisho ule ulimsumbua mpaka aufikie, na alipoufikia palikuwa na mtaa mwingine. Hapakuwa na mtu hata mmoja aliyemjua. Hakuna aliyemwambia ekseli imevunjika. Aliniambia baadaye kwamba miguu ilikuwa myepesi hata akaiogopa.

Sala ya Ijumaa ilimkuta mtaa wa Medina. Wanaume walikuwa wameziba njia kwa mikeka, naye akasali safu ya mwisho, begi mbele ya magoti. Watu walipoinua mikono kwa dua yeye alikuwa ameshavaa viatu.

Kutoka hapo aliifuata barabara ya kando ya bahari kuelekea magharibi. Alikuwa ametiwa kichwani kwamba huko nchi inakwisha kabisa, na akataka kuuona mwisho huo. Ufukweni vijana walikuwa wakikimbia na kunyoosha viungo, na mwanamume mmoja alikuwa akiosha kondoo wake kwa sabuni kwenye mawimbi.

"Mzee, unamkimbia nani?" yule mwenye kondoo akauliza.

"Simkimbii mtu. Ncha ya nchi iko wapi?"

"Mbali, huko mbele ya mnara wa taa. Lakini ukifika utaona bahari tu. Hii hapa si bahari?"

"Hii nimeshaiona."

"Basi kondoo wangu ana akili kuliko wewe. Yeye amekubali hii moja."

Mbagnick alicheka, akaangalia simu. Ilikuwa saa nane na robo. Hapo ndipo jambo lenyewe lilipoamuliwa, si langoni. Angegeuka, angefika kabla ya saa tisa. Alisimama, akamkumbuka Téning, akalikumbuka lile lango, kisha akajiambia, "Yule Mjola alikuwa ananitania tu." Nina hakika hakuamini alichojiambia, kwa sababu alianza kutembea haraka zaidi.

Nchi ilikwisha kwenye mawe meusi na vibanda vya wauza chaza. Alikaa hapo dakika nne. Kisha akatafuta teksi, na teksi ikakwama kwenye msururu wa magari. Alifika bandarini saa kumi na moja na robo.

Lango lilikuwa limefungwa. Arame alikuwa ndani, upande wa pili wa nondo, na makaratasi mkononi.

"Nilikwambia saa tisa."

"Ulinitania."

"Nilikutania kuhusu mtama."

"Arame, mtani akikuomba huwezi kumnyima. Unaijua mila. Kesho nisipokaa mkekani, mtoto wa dada yangu ataolewa kama asiye na kwao."

"Ningekuwa nakula ungenyang'anya bakuli langu, nisingesema neno. Hili lango si bakuli langu." Aliyashusha makaratasi. "Kwetu Casamance kila mtaa una watu ambao bahari iliwachukua, meli ilipozama ikiwa na watu kupita hesabu. Hesabu ya watu wa meli ikishafungwa, imefungwa. Hata kwa mama yangu mzazi nisingefungua."

"Meli bado imesimama. Naiona."

"Nami naiona. Mpigie dada yako sasa hivi, Ndong. Usingoje giza."

Wapo watakaosema yule mama alikosa utu. Mimi sisemi hivyo. Mila yetu inampa mtani haki ya kula chakula cha mwenzake, haimpi roho za abiria.

Alipiga simu. Aliniambia mwenyewe kwamba alikuwa ameshatayarisha maneno: gari liliharibika Thiès. Dibor alipopokea, maneno yakakataa kutoka.

"Uko wapi?"

"Dakar. Meli imeniacha."

"Ilikuwaje ikuache? Si ulitoka Fatick alfajiri?"

"Nilikwenda kutembea."

"Kutembea wapi?"

"Mjini. Nilitaka kuuona."

Nyuma ya Dibor wanawake walikuwa wakitwanga na kuimba.

"Na uliuona?"

"Niliuona."

"Haya," akasema, akakata.

Magari ya Ziguinchor yalikuwa yamejaa watu wa Ijumaa. Alipata nafasi alfajiri ya Jumamosi. Gari likapita njia ambayo ilikuwa njia yake tangu mwanzo, likasimama Fatick ili abiria wanunue karanga. Nilikuwa hapo. Nilimwona dirishani, begi limeinuliwa hadi usawa wa macho, na muuza karanga mmoja akamwita, "Baba Ndong, arusi imekwisha tayari?" Akalipandisha begi zaidi.

Alifika Ziguinchor wakati wa magharibi. Mikeka ilikuwa imekunjwa. Sémou, mtoto wa mama mdogo wa Mbagnick na Dibor, kijana wa miaka thelathini na moja, ndiye aliyekaa mkekani na kutamka, na Téning alikuwa amefunikwa kitambaa cha kuazima kwa jirani. Alimletea Mbagnick maji ya kunywa, akapiga goti, akamwita mjomba. Dakika moja baadaye alimwita Sémou hivyo hivyo, na Sémou ndiye aliyeulizwa mahari igawanywe vipi.

Tangu siku hiyo habari za nyumba ile hupelekwa kwa Sémou. Mbagnick hakulalamika, wala hakumsingizia Arame Diatta, na kwa hilo peke yake nilimheshimu. Téning alipojifungua, Sémou ndiye aliyepigiwa simu kuhusu jina la mtoto, naye kwa adabu akampa Mbagnick taarifa. Mbagnick alifunga kibanda, akapita Kaolack na Gambia, akafika siku moja kabla ya wageni wengine wa sherehe ya jina. Alikaa karibu na mlango. Mgeni mmoja aliyeketi kando yake akamuuliza yeye ni nani katika nyumba hii, naye akasema ni fundi wa magurudumu kutoka Fatick.