Taa ya Kutafutia Mishipa

Juzi, katika kituo kimoja cha afya huku Kyerwa, nesi alikuwa anamtafutia bibi mmoja mshipa wa kumwekea dripu. Bibi alikuwa ameishiwa maji mwilini, na mikono yake imegandwa na utomvu mweusi wa ndizi.

"Bibi, hukunawa?"

"Nimenawa, mjukuu wangu. Mimi ni wa kumenya ndizi kila siku. Huo hautoki kwa sabuni."

Sindano ikachoma, ikakosa. Nesi akaleta kitaa kidogo, akakibana chini ya kiganja. Mkono ukawa mwekundu kama kaa la moto, mishipa ikajichora juu. Sindano ikaingia.

Bibi akautazama mkono wake, kisha akamgeukia mumewe aliyeketi pembeni.

"Kumbe mnaona mpaka ndani. Mmulikeni na huyu. Anasema aliacha kunywa pombe ya rubisi tangu Pasaka."

Mzee akaingiza mikono yote miwili kwenye mifuko ya koti.

"Babu, taa hii inaonyesha mishipa tu," nesi akamwambia.

"Sawa, mjukuu wangu," akajibu. Mikono haikutoka.

Ningeazimwa taa hiyo, ningezunguka nayo kwenye ofisi zetu za umma, niiweke mezani tu. Wala nisingeiwasha.