Mishono Yangu Imefika Kigali

Pa! Pa! Pa! Mpaka leo nikisikia turubai likipigwa na upepo juu ya lori, mikono inaanza kuniwasha. Pale Malaba, malori yakipanga foleni kuvuka kwenda Uganda, sauti hiyo ilikuwa na maana moja tu kwetu: turubai limechanika, kazi imekuja. Baba alikuwa fundi wa maturubai. Nilipomaliza darasa la saba na jina langu lisitoke kwenye orodha ya sekondari, nilikaa naye kwenye kibanda chetu kando ya barabara, nikajifunza kupaka uzi nta na kusukuma sindano ya gunia.

Marafiki zangu wawili walikwenda shule ya bweni. Mmoja alikuwa binti wa mwalimu wa Chakol, mwingine baba yake alikuwa na duka la vitambaa Busia mjini. Waliporudi likizo, binti wa mwalimu alikuja na daftari la maswali. Siku hizo kila msichana alilitaka. Unapenda rangi gani? Chakula gani? Unajiburudisha vipi? Umesafiri wapi? Unataka kuwa nani? Unakaa nalo siku mbili, unajibu, halafu Jumapili baada ya kanisa linasomwa kwa sauti mbele ya wote. Hapo ndipo watu walichekwa mpaka wakalia.

“Usituandikie mambo ya ushamba,” binti wa mwenye duka aliniambia akinipa.

“Kwani mimi nilizaliwa juzi?” nikamjibu. Lakini nilikuwa naogopa. Tangu waende bweni walikuwa na vicheko vyao ambavyo mimi sikuvielewa, na nilijua Jumapili hiyo ndiyo ingesema kama mimi bado ni mwenzao.

Daftari lilikuwa limechoka, jalada linaning'inia kama sikio la mbuzi. Ukurasa wa kwanza ulijazwa na binamu ya binti wa mwalimu, yule wa Nairobi: rangi ya waridi, chipsi na kuku, kuogelea, mhudumu wa ndege. Ukurasa wa pili: rangi ya waridi, chipsi na kuku, kuogelea, mhudumu wa ndege. Wa tatu vilevile, mpaka wa tisa! Sote tulikuwa tunaogelea, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuingia maji yanayopita magoti. Nami nikachukua penseli, nikaogelea pamoja nao. Nilikwama tu kwenye safari. Wenzangu waliandika Nairobi, Mombasa. Mimi mwisho wangu ulikuwa Bungoma, tena kwa mazishi.

Kesho yake baba alikwenda matanga huko Marachi, akaniachia kibanda. Asubuhi hiyo nikasikia: pa! pa! pa! Lori likasimama, dereva akashuka akijinyoosha.

“Dada, fundi ako wapi?”

“Fundi ni mimi.”

“Wewe? Hata sindano ni ndefu kukushinda.” Taniboi wake, kijana wa kumsaidia kwenye lori, akacheka akishikilia mlango.

“Sindano ni ndefu, lakini haijui njia,” nikasema. “Leta turubai.”

Tukalitandaza kwenye nyasi. Nikaona kiraka cha zamani, na kwenye kona yake fundo la uzi mwekundu. Nikaligusa fundo kwa kidole. Uzi huo nilikuwa nikiuweka kisirisiri kwenye kila kiraka changu kama alama, maana baba alisema ni kupoteza uzi.

“Hapo usiguse,” dereva akasema. “Hiyo kiraka iko sawa. Imeenda Kigali mara tatu na mvua yote ile, sukari yangu haijalowa hata kijiko. Fundi aliyeshona hapo ni mtu.”

“Ni mimi.”

Akanitazama, akatazama vidole vyangu vilivyojaa nta. Halafu akavua kofia. “Basi pole, fundi.” Siku hiyo hakuniita dada tena.

Nilishona nikiimba. Lori lilipoondoka turubai lilikuwa kimya, na mimi nilikuwa nalifuata kwa mawazo, napita Tororo, napita Kampala, naona vilima nisivyovijua.

Nilirudi ndani ya kibanda peke yangu, nikafungua daftari. Nikafuta kuogelea. Nikafuta chipsi, nikaandika samaki wa ziwani kutoka Osieko na ugali wa wimbi, maana ndicho chakula kinachonifanya nilambe vidole. Unataka kuwa nani? Fundi, mwenye kibanda kikubwa kuliko cha baba. Umesafiri wapi? Mimi, Bungoma. Mishono yangu, Kigali.

Wacheke wakitaka. Nikachagua sindano ndogo, nikapaka nta uzi mwekundu, nikashona lile jalada lililoning'inia, nikalipiga fundo mara mbili.