Chiriku Wenye Mashavu ya Rangi

Nakiri: niliamini chiriku mwenye mashavu ya rangi ya chungwa ndiye jike, kwa sababu dada yangu naye hujipodoa akienda kanisani. Kwa hiyo nilipopata chiriku watatu wa kufugwa kule Kiboriloni, niliwaweka tundu moja: wawili wenye mashavu, na mmoja wa kijivu nikamwita bwana harusi.

Siku ya tatu mmoja wa wale wenye mashavu alikuwa na kipara mgongoni, kinatoka damu. Nikaona huyu atakufa. Nikamshuku dada.

"Unawanyonyoa!"

"Wewe! Nimnyonyoe huyo nipate supu ya nani?"

Nikamshuku paka. Nikamshuku hata bwana harusi, maana alikuwa mkimya mno. Basi nikajibanza nyuma ya mgomba kuwachunguza. Kumbe wenye mashavu ndio walioimba, kisha wakarukiana na kung'oana manyoya. Wa kijivu anatazama tu.

Mama akapita na pumba za kuku. Akachungulia, akamhamishia mwenye kipara kwenye tundu la peke yake, na vita ikaisha. Halafu akanigeukia.

"Mwanangu, unalisha kuku hapa tangu utoto. Mwenye rangi ni jogoo au tetea?"