Mistari Minane ya Gambuti

Kosa langu lilikuwa kumwambia mama mapema. Kundi letu la hip hop lilikuwa la watu sita, bila kampuni, bila meneja, na singo yetu ya kwanza ilikuwa bado haijarekodiwa, lakini mdomo wangu haungoji. "Utajisikia humo," nilimwambia. "Nimekuandikia mistari minane." Mama huchuma majani chai kwetu karibu na Kiriaini, na hip hop kwake ni watu kugombana wakifuata ngoma. Hata hivyo aliwatangazia wachumaji wenzake wote, na wa kanisani pia.

Tulirekodi Gatitu, katika chumba kilicho nyuma ya kinyozi, trei za mayai zikiwa zimegongomelewa ukutani ili sauti isirudi. Mistari yangu ilihusu gambuti zake zenye kiraka, na mikono yake:

*Vidole vyeusi kwa utomvu wa majani,*
*baridi ya mlima, yeye yuko shambani.*

Niliimba mpaka shati likaloa. Nilipomaliza, kijana anayetutengenezea biti alivua hedfoni, akajikuna kichwa. "Dada, hizo mistari ni noma. Lakini wimbo imekuwa refu sana. Wasee wameamua tukate yako."

"Ati nini?"

Nilimuuliza kwa sauti kubwa hata yule kinyozi akazima mashine yake. Nikaongeza mengine yasiyoandikika, nikabeba koti langu, nikaondoka. Kumbe maikrofoni ilikuwa bado inanasa.

Wimbo ulipotoka, mistari yangu haikuwemo hata mmoja. Lakini kabla ya kila kiitikio, biti inakatika, na mwanamke mwenye hasira anauliza: "Ati nini?" Nilitaka kumnyonga mtu. Halafu nikausikiliza tena, nikacheka mpaka nikakaa chini. Ulikuwa mtamu, bwana! Wiki chache baadaye wauza mboga wa Nyeri mjini walikuwa wakiniona tu wananipigia kelele, "Ati nini?", na mimi nawajibu vilevile. Nilijifanya nimenuna, lakini ukweli usemwe, nilikuwa nafurahi sana.

Mama ndiye aliyenishinda. Aliusikiliza kwenye simu yangu mpaka mwisho, ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza mahubiri.

"Sasa mimi niko wapi?"

"Walikukata, mama."

"Na wewe?"

"Mimi ndiye yule wa ati nini."

"Ai! Hiyo si nasikia hapa nyumbani kila siku, tena bure?"

Tulicheka wote wawili. Lakini jioni ile jirani alipita akamuuliza wimbo wake uko wapi, nikamsikia mama akimjibu polepole kwamba bado unatengenezwa. Hapo iliniuma. Mama hajui kudanganya, na alikuwa anadanganya kwa ajili yangu.

Siku ya soko tukaalikwa Kiriaini. Jukwaa lilikuwa pikapu ya mtu wa viazi. Mama alikuja na wachumaji wenzake, vyondo mgongoni, wakasimama mbele kabisa. Sikuwa na la kuwapa zaidi ya lile swali langu moja, na nilishaanza kuona aibu. Zamu yangu ikafika. Biti ikakatika, nikauliza, soko zima likauliza nami.

Kiitikio hakikuja. Biti ilirudi peke yake, tupu. Niligeuka, nikamwona yule kijana wa biti ameondoa mkono kwenye mashine, ananitazama. Akanyanyua kidevu: haya, ingia.

Nikaingia. Nilianza na zile gambuti zenye kiraka. Watu waliacha kuruka. Nilipofika kwenye vidole, mchumaji mmoja alitazama vyake. Mama alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja, macho yamejaa machozi. Nilimaliza.

Mama akatoa mkono mdomoni.

"Rudia!" alipaza sauti. "Hawa wa nyuma hawajasikia!"