Mtaalamu wa Kupiga Mbizi

Nafanya kazi katika ofisi ya safari hapa ugenini, mtaa wa Doornfontein. Akina mama wanne wa Kitanzania walipotaka kwenda Malta kupiga mbizi kwenye pwani ya miamba, bosi aliwaambia, "Muulizeni Rehema, kazaliwa Unguja." Nikawafungulia ramani ya Malta. Wiki nzima niliwapangia safari, nikiwaonya hata kuhusu mikondo ya maji niliyoisoma kwenye simu. Wakaniomba niwaongoze, nami nikakubali.

Jumamosi tulikwenda bwawani kufanya mazoezi. Mwalimu wa kupiga mbizi wa pale akasema, "Rehema, tangulia uwaonyeshe."

Nikashuka ngazi. Maji yaliponifika kifuani, nikakumbatia chuma cha ngazi na kugoma kukiachia. Mama Salome, mkubwa wao, akaingia taratibu, akanishika mkono.

"Mwanangu, hujui kuogelea?"

"Sijui, mama," nikasema, na wote wakasikia.