Mwamuzi Aliyezikwa kwa Poda

Kinyozi aliyekuwa na duka chini ya chumba nilichopanga aliitwa Redio na kila mtu, pamoja na mkewe. Aliongea tangu anapofungua kufuli asubuhi hadi anapolifunga jioni, na mikono yake ilifuata mdomo. Akisimulia polepole, mkasi ulikwenda polepole. Hadithi ikifika penye vurugu, nywele ziliruka hadi kwenye benchi. Nimenyolewa katika miji mingi, mingine sikuelewa hata neno moja la kinyozi wake, lakini sijapata kuona vichwa vikinyolewa kwa mapigo ya hadithi namna ile. Na kwa kweli alinyoa vizuri.

Hadithi zake tisa katika kumi zilikuwa za kriketi. Duka lilikuwa na viti viwili vya kunyolea, benchi la wanaosubiri zamu, na televisheni ndogo juu ya kabati la taulo, imeinamishwa ili mwenye duka aione bila kupinda shingo. Mteja aliiona kupitia kioo, kila kitu kimegeuka, kwa hiyo wapo watu mtaani pale waliofuatilia mchezo ule miaka kumi wakiamini kwamba mrushaji bora wa timu yetu anatumia mkono wa kushoto.

Duka lilikuwa na desturi yake. Timu ikifungwa, benchi lilikaa kikao na kumtafuta mwenye hatia, na mwenye hatia alizikwa. Redio alitandika shuka la kunyolea juu ya kiti kitupu, akalinyunyizia poda ya shingoni badala ya udongo, akasimama wima na kusoma wasifu wa marehemu kutoka kichwani. Sharti lilikuwa moja: anayecheka kabla marehemu hajafunikwa atafagia nywele za siku nzima. Mwaka ule walikuwa wamekwisha kuzikwa nahodha mara mbili, mtunza uwanja mmoja, na mvua.

Mashindano ya kimataifa yalipoanza, hakuna aliyetegemea msiba mapema. Timu yetu ilipangiwa mchezo wa kwanza na kisiwa kidogo ambacho nusu ya wachezaji wake walikuwa wameomba likizo kazini. Mrushaji wao wa kasi alikuwa mtunza bustani. Jumapili hiyo mtu pekee aliyewashabikia alikuwa dobi wa duka la pili, kaka wa mke wa Redio. Dobi hakupenda kriketi hata kidogo. Alipenda kumwona shemeji yake akiteseka. Aliingia na pasi mkononi, ikiwa bado inafuka, akatangaza kwamba leo yuko upande wa bustani.

Saa tisa alasiri ilibaki mipira tisa na mikimbio kumi na miwili ili tushinde, na mpigaji wetu bora alikuwa bado uwanjani. Mtunza bustani akarusha, mpira ukamgonga mpigaji mguuni. Wageni wote wakaruka wakidai kwamba mguu ndio uliozuia mpira kupiga vijiti. Mwamuzi, mzee mrefu mwenye kofia pana, alifikiri kama mtu anayekumbuka alikoacha miwani, kisha akainua kidole. Mpigaji akatoka, waliofuata wakaanguka kama nguo kwenye kamba iliyokatika, na timu iliyokuja kwa likizo ikashinda.

Dobi alitoka, akarudi na shuka jeupe, akalianika mlangoni mwa duka la shemeji yake. Alisema ni la kujisalimisha, wakimaliza kulitumia wamrudishie, lina mwenyewe.

Kikao hakikuchukua hata dakika mbili. Mwamuzi alipatikana na hatia kwa kura zote, na Redio akatandika shuka.

"Marehemu alizaliwa na macho mawili," akaanza, "lakini kwa kuwa alikuwa mtu wa kubana matumizi, alitumia moja kwa zamu. Leo ilikuwa zamu ya lile bovu. Alikuwa na vidole kumi. Tisa vilikuwa na adabu. Cha kumi ndicho kilichomponza, kwa maana kiliinuka kabla mwenyewe hajaamka. Ameacha wajane wawili, jicho la kulia na jicho la kushoto, na wote wawili hawakumwona akiondoka."

Mwalimu mstaafu, aliyekuwa akikaa mwisho wa benchi na ambaye hakuwahi kufagia nywele maishani mwake, alifagia siku ile. Redio alikuwa hajapata kuzika vizuri hivyo.

Jumanne asubuhi, wembe ukiwa shavuni mwa karani mmoja wa posta, habari zikasomwa kwamba mwamuzi yule amefariki. Alikuwa akinywa chai hotelini pamoja na wenzake, akasema anajisikia kuchoka, akainamisha kichwa, na moyo ukasimama. Picha yake ikaonyeshwa, bila kofia. Wakasema alikuwa na mabinti watatu na kwamba alisimama juani kwa ajili ya mchezo ule miaka ishirini na miwili. Kisha wakarudia uamuzi wake wa mwisho, polepole, kutoka pembe tatu. Mguu ulikuwa mbele ya vijiti, vyote vitatu. Hata kwenye kioo ilionekana.

Redio aliweka wembe mezani. Karani wa posta alisubiri, akajikohoza, akauliza kama kuna tatizo, mwishowe akajifuta povu na kwenda kazini na ndevu za upande mmoja.

Mji mzima ulibadilika siku hiyo. Watu waliokuwa wamemtukana marehemu tangu Jumapili sasa walisema alikuwa na uso wa baba. Kwenye benchi palizuka ubishi mkali kama wachezaji wetu wavae kitambaa cheusi mkononi. Mmoja alisema hawezi kumwombolezea mtu aliyemtoa mpigaji wake, Mwalimu akamjibu kwamba aliyekufa hana timu, mwingine akauliza kama kitambaa hakitawazuia kukunja kiwiko, maana sasa wakifungwa tena wataenda nyumbani. Redio hakuchangia. Na asipochangia Redio kwenye ubishi wa kriketi, ni sawa na mto kusita.

Alikuwa ameamini kwamba yeye ndiye aliyemuua.

Hakumwambia mtu, lakini duka zima lilijua kufikia mchana, na hapo ndipo upuuzi ulipoanza. Watu waliacha kumpa pole na kuanza kumletea maombi. Mpangaji mmoja alitaka azikiwe mwenye nyumba wake. Kijana wa benki alimleta mkuu wake wa idara, kwa picha. Shabiki mmoja mwenye huruma aliomba mrushaji wa timu tutakayocheza nayo Jumamosi asife, avimbe tu kifundo cha mguu hadi Jumapili. Dobi yeye alichungulia mlangoni kila asubuhi na kuuliza: "Shemeji, leo umemnunia nani, nijue pa kukaa?"

Redio alinyoa akiwa bubu. Mdomo ulipofungwa, mikono ikapotea njia. Alikata ngazi kwenye visogo vya watu, akasahau masikio, akamnyoa Mwalimu kipara ambacho Mwalimu hakukiomba. Alichosema kwa wateja kilikuwa "inama" na "inua," na hata hayo aliyasema kwa sauti ya mtu anayeomba radhi.

Hayo yangekuwa ya kuchekesha tu, kama isingekuwa Ijumaa.

Ijumaa ya wiki ile mkewe alikuwa afanyiwe upasuaji wa kutoa vijiwe kwenye nyongo. Mama huyu alikuwa na kibanda cha vifungo na nyuzi mtaa wa pili, na alikuwa na uwezo wa kutazama shati mbali na kusema limekosa kifungo cha ngapi. Vijiwe vilikuwa vimemsumbua mwaka mzima. Alikubali kupasuliwa kwa sababu mumewe alimshawishi, jioni hadi jioni, kwa maneno yasiyokwisha. Na sasa, siku tatu kabla, mshawishi amenyamaza. Mkewe alimuuliza kama viatu vya kwenda navyo hospitali ni hivi au vile, mume akatikisa kichwa. Alimuuliza kama ana wasiwasi. Akaenda kufua soksi.

Redio alikuwa na hesabu yake kichwani. Neno lake limemfikia mtu aliye mbali kiasi kile, asiyemjua, na lilikuwa mzaha. Je, neno kwa mtu anayelala naye kitanda kimoja? Akisema "utapona," huenda likageuka. Akisema "kwaheri," ndiyo basi tena. Kwa hiyo alichagua kutosema lolote, na alichagua hivyo kwa mapenzi.

Mkewe naye alikuwa na hesabu yake. Katika miaka ishirini na minne ya ndoa, mume huyu alinyamaza mara moja tu, siku daktari alipomweleza kwanza yeye kuhusu ugonjwa wa mama mkwe wake, na mama mkwe hakumaliza mwezi. Basi akaona daktari amesema kitu. Alhamisi alimpa mpwa wake funguo za kibanda na kumwonyesha kilipo kila kifungo.

Ijumaa asubuhi tulimkuta mama wodini amekwisha kuvaa gauni la hospitali linalofungwa mgongoni. Dobi alikuwepo, Redio alikuwepo amebeba mkoba, na mimi nilikuwepo kwa sababu dobi alihitaji mtu wa kumsaidia kumshika shemeji yake akianguka. Muuguzi akasema wamebakiza dakika kumi. Mama akaomba kuzungumza na mumewe. Mumewe akatazama dirisha.

"Niambie tu," akasema mama. "Daktari amekwambia nini?"

Redio akatikisa kichwa.

"Nina watoto wawili. Nahitaji kujua."

Hapo dobi, ambaye kwa wiki nzima alikuwa amefurahia mambo, akaona uso wa dada yake na furaha ikamwisha. Akamweleza yote: mwamuzi, poda, wasifu, chai ya hotelini. Alieleza haraka na bila utani, akitazama kidole gumba cha mguu wake.

Mama alisikiliza hadi mwisho. Nilidhani atalia. Alikaa vizuri kitandani, akaweka mito sawa, akakunja mikono kifuani.

"Ndugu wapendwa," akasema, na wagonjwa wa vitanda vya jirani wakageuka. "Tumekutana kumsindikiza mume wangu, aliyefariki Jumanne asubuhi kwa maradhi ya kufunga mdomo. Marehemu alikuwa kinyozi kwa miaka ishirini na sita."



"Alikuwa mtu wa ahadi. Aliniahidi siku ya posa kwamba tukioana ataacha kriketi."

Neno likapanda mdomoni mwa Redio. Alijaribu kulizuia, tuliona wote.

"Ishirini na saba," akasema. "Na sikusema nitaacha. Nilisema nitapunguza."

"Marehemu anabisha," mama akawaambia majirani.

"Mke wangu, usifanye hivyo. Hujui. Nilimzika yule mzee na akafa."

"Wangapi umezika mwaka huu?"

Redio akaanza kuhesabu kwa vidole. Dobi akamsaidia: nahodha mara mbili, mtunza uwanja, na mvua.

"Nahodha yuko hai?"

"Jana alikuwa kwenye televisheni," akasema dobi. "Ameongezeka hata uzito."

"Na mvua?"

Sote tukatazama dirisha. Nje ilikuwa inanyesha.

"Mungu hangoji maelekezo ya kinyozi, baba watoto," akasema mama, sasa kwa sauti ya chini, ya nyumbani. "Angekuwa anayangoja, timu yenu ingekuwa imeshinda kitu. Miaka ishirini na saba unawaambia washinde. Yule mzee moyo wake ulichoka, na umwombee kama unavyopaswa. Lakini mimi naingia mle ndani, na siku tatu hizi nimejiandaa kufa kwa sababu wewe umekaa kimya. Sasa sema."

Muuguzi alikuwa amefika na kitanda cha magurudumu na amesimama, kwa sababu hata yeye alitaka kusikia.

"Urudi," akasema Redio.

"Sijasikia."

"Nimesema urudi." Na mlango wa maneno ukafunguka. Alisema arudi kwa sababu yeye Redio hajui kulipanga kabati la nyumbani, na watoto wakija watamwona yeye tu watafikiri wamekosea nyumba, na mpwa wake jana ameuza vifungo vya koti kwa mtu mwenye suruali, na kwamba siku ile ya posa alivaa viatu vya kuazima vilivyombana na bado alisimama saa mbili kwa sababu mkewe alikuwa akicheka. Aliyasema akitembea pembeni ya kitanda, mkono juu ya chuma chake, hadi penye mlango ambao muuguzi alimwonyesha maandishi: mwisho wa ndugu. Akaendelea kuongea na mlango.

Baadaye akahamia kwa mlinzi wa korido, aliyekuwa amekaa na kikombe chake bila kumkosea mtu. Katika saa moja na nusu mlinzi alielezwa kwa nini mguu mbele ya vijiti ni kosa, akaonyeshwa kwa mwavuli na viatu vitatu, na kusikia wasifu wa mwamuzi mmoja mrefu, safari hii na mabinti zake watatu, na miaka yake ishirini na miwili juani, na uamuzi wake wa mwisho ambao, kinyozi alikiri akiwa ameshika mwavuli, ulikuwa sahihi. Dobi alisikia. Akaenda kununua maji.

Saa sita kasorobo daktari alitoka. Redio akasimama na kiatu kimoja mguuni. Mlinzi ndiye aliyemuulizia.

Daktari alisema vijiwe vyote vimetoka na mgonjwa ameamka, ingawa bado ana usingizi. Aliruhusu mtu mmoja aingie kwa dakika tano, akamtazama Redio, ambaye alikuwa amekwisha kuanza kusimulia, juu hadi chini, akasema labda tatu.