Siku Baba Alipokuja Kupumzika

Baba alinipigia simu Jumanne mchana, nikiwa na mteja kwenye kiti. Kwetu Ugalla mtandao haufiki nyumbani. Mtu akitaka kupiga simu anatembea hadi kwenye kichuguu kilicho nyuma ya shule na kusimama juu yake, kwa hiyo baba hapigi kusalimia tu. Akipiga, kuna jambo. Nilifuta mikono, nikamwamkia, akaitikia, kisha akasema anakuja Mpanda Alhamisi. Nikamuuliza kama anaumwa. Akasema haumwi. Nikauliza kama kuna kesi ya shamba, au kama asali imeharibika. Akasema hapana.

"Nakuja kupumzika," akasema, halafu simu ikakatika.

Neno hilo lilinikaa vibaya. Miezi saba kabla ya hapo tulikuwa tumemzika mama, na kila aliyesimama kuzungumza pale msibani alisema mama amepumzika. Sikuwahi kumsikia baba akilitumia kwa ajili yake mwenyewe. Ni mtu wa mizinga. Tangu nipate akili nimemwona akiingia porini na kutoka, akipanda miti pekupeku, akishuka na moshi kwenye nguo. Mtu wa namna hiyo akisema anakwenda mjini kupumzika, unaanza kuhesabu siku mpaka umwone kwa macho.

Mimi nina saluni ndogo Nsemulwa, hapa Mpanda. Nywele nasuka, lakini kazi inayonipa jina ni miguu. Nina beseni la umeme linalochemsha mapovu, mafuta, chumvi ya kusugulia, jiwe, taulo, na kiti kinacholala nyuma. Wanakuja walimu, manesi, na wake wa wafanyabiashara. Wanakuja pia wasafiri: wanaoshuka kwenye treni wakiwa wamechoka, au wanaotoka mbugani na vumbi mpaka kwenye kope. Wanaulizia loji, wanalala mpaka saa nne, halafu wanaelekezwa kwangu. Wakikaa kwenye kiti kile na miguu ikaingia kwenye maji ya moto, wengi wananyamaza katikati ya sentensi.

Mama alipenda kusikia habari za watu hao. Kila nilipokwenda nyumbani Krismasi alinikalisha jikoni nimsimulie. Alitaka kujua wamelala kitanda cha namna gani, nani aliwachotea maji, chai waliletewa au waliifuata wenyewe. Jambo moja lilimshangaza kuliko yote, kwamba asubuhi mtu mwingine anakuja kukutandikia kitanda ulicholalia wewe. Aliniuliza hilo zaidi ya mara moja, kana kwamba nilikuwa namtania. Mama aliolewa akiwa na miaka kumi na saba. Sidhani kama kuna asubuhi hata moja alitandikiwa kitanda.

Alikuja saluni kwangu mara moja tu. Alileta maharage na asali, akafika Jumamosi ya harusi ya mtu mkubwa hapa mjini, wasimamizi wa bibi harusi wamejaa mpaka barazani. Nilimwambia akae kwenye benchi anisubiri kidogo, nitamwosha miguu kama ninavyowaosha wale wengine. Akakaa. Alikaa kwa muda wa karibu saa tatu, mikono mapajani, akinitazama nikiosha miguu ya watu. Kila nilipogeuka kumwangalia alitingisha kichwa kuonyesha kwamba hana shida. Saa nane gari la kurudi Ugalla likawa linaondoka. Alisimama, akafunga kitenge vizuri, akasema ataoshwa siku nyingine. Nilimsindikiza mpaka mlangoni tu, kwa sababu kulikuwa na mtu kwenye kiti.

Hiyo siku nyingine haikuja.

Alhamisi baba alifika na dumu la asali na mfuko wa nguo. Nilikuwa nimemwandalia kitanda changu, mimi nilale sebuleni. Alikunywa chai, akaniangalia, akasema hatalala kwangu, anataka loji. Niliumia kidogo. Watu wangesemaje, baba mzazi anakuja mjini kwa binti yake na analala kwenye nyumba ya wageni? Akanieleza bila haraka. Alisema mama alimwomba miaka mingi waje wote wawili, walale mahali pa wasafiri, wapumzike siku mbili, na kila mwaka yeye alimwambia tukimaliza kurina asali. Wakimaliza kurina kunakuwa na kulima. Wakimaliza kulima, mizinga mipya.

"Nimeona nije niyafanye yeye hayupo," akasema, "maana alipokuwepo sikuyafanya."

Sikubishana naye tena. Nilimpeleka loji moja tulivu, ina bustani na viti vya plastiki chini ya maua ya karatasi yaliyotambaa juu, nikamlipia chumba kinachotazama huko. Aliugusa mto kwa kiganja kama anayepima unga, akaniambia niende, kesho nimfuate.

Ijumaa saa tatu nilimkuta ameketi kwenye kiti kando ya kitanda, amevaa, amenyoa ndevu. Kitanda kilikuwa kimevurugwa vibaya, shuka nusu iko sakafuni. Nilidhani amelala kwa mateso. Akaniambia kwa aibu kwamba aliamka alfajiri na kwa mazoea akakitandika mwenyewe, akakinyoosha kabisa. Alipokwisha kuoga ndipo alipokumbuka. Basi akakitandua chote, akakaa kumsubiri mhudumu.

Mhudumu alikuja, msichana wa kama miaka ishirini, akatusalimia na kuanza kazi. Baba alimtazama kuanzia shuka ya kwanza hadi alipopigapiga mto. Msichana akaona haya, akauliza kama kuna tatizo. Baba akamjibu hakuna, amefanya vizuri, na akamshukuru mara mbili. Tulipotoka nje alisimama kidogo bustanini akiwa amenipa mgongo, nami nikajifanya natafuta kitu kwenye pochi.

Saluni niliifunga kwa ajili yake. Niliwaambia wateja waje alasiri. Alikaa kwenye kiti akiwa amejikaza kama aliye kwa daktari wa meno, nikamvua viatu. Sikuwahi kuishika miguu ya baba yangu. Kwetu binti hamshiki baba yake hivyo, na nadhani sote wawili tulikuwa tunalifikiria hilo. Miguu ilikuwa na makovu ya magome ya miti kwenye nyayo, kidole gumba kimoja hakina kucha, na magaga kwenye visigino ambamo ungeweza kuingiza sarafu. Niliitia kwenye maji. Akavuta pumzi. Baada ya muda mabega yakashuka.

Nilikuwa nasugua kisigino cha pili alipoanza kuongea. Alisema mama alimsimulia yote aliporudi kutoka saluni siku ile. Alimwambia nilimkalisha kwenye kiti hiki, maji yalikuwa ya moto na mapovu, nikamsugua kwa chumvi, kisha jiwe, kisha mafuta, nikamfuta kwa taulo nyeupe katikati ya vidole. Alimwambia alisinzia.

Mikono yangu ilisimama ndani ya maji. Kila kitu alichokisema kilikuwa sahihi na kwa mpangilio wake. Mama alikuwa ameyatazama saa tatu nzima, akayabeba mpaka nyumbani, akamsimulia mumewe kama yake. Alinifichia aibu. Ningeweza kunyamaza na baba angeondoka na hadithi ile nzuri. Nilifikiria kunyamaza. Lakini niliishika miguu yake na sauti ikatoka yenyewe.

"Baba, sikumwosha. Nilikuwa na watu. Alikaa pale kwenye benchi mpaka gari likaondoka."

Nilisikia beseni likinguruma, na redio ya jirani.

"Nilijua," akasema. "Jioni ile alipovua ndala niliyaona magaga yake ni yale yale. Lakini alikuwa anasimulia vizuri, sikutaka kumkatisha."

Nililia hapo hapo, mikono imejaa chumvi, siwezi hata kujifuta. Baba hakunibembeleza kwa maneno. Alichukua taulo lililokuwa begani kwangu akanifuta uso, kwa nguvu kidogo, kama alivyonifuta kamasi nilipokuwa mdogo. Kisha akaniambia nimalizie mguu maji yasije yakapoa. Nikaumalizia. Nilimpaka mafuta, nikamfuta katikati ya vidole, na wakati huo alikuwa ameegemea nyuma amefumba macho. Hakusinzia.

Nilimwomba abaki mpaka Jumapili. Alikataa. Alisema kitanda cha loji ni laini mno, mgongo unatafuta mahali pa kushika haupapati, na nyumba haifai kukaa bila mtu. Jumamosi nilimsindikiza stendi, safari hii mpaka ndani ya gari. Alikaa dirishani, akaniambia sasa amejua mama alikuwa anataka nini, na kwamba ni kitu kidogo sana. Alilirudia hilo la kidogo sana, akitazama mbele, mpaka dereva alipowasha gari.

Tangu hapo ameshapiga simu mara nne, na mara mbili kati ya hizo ilikuwa salamu tu. Lakini hajaja tena. Mimi nimekwenda mara moja nikamkuta porini, nikakaa uani peke yangu mpaka aliporudi jioni.

Saluni inaendelea. Wiki iliyopita alikuja mama mmoja mtu mzima, msafiri, anasubiri treni ya kesho yake. Alikuwa na umri kama wa mama. Maji yalipomkolea alifumba macho, midomo ikaachia, sura yake yote ikalegea na kuwa ya mtu mwingine, mdogo zaidi. Nilimtazama muda mrefu kuliko inavyotakiwa. Nilikuwa najaribu kuona mama angekuwaje. Sura yake ya kazi naikumbuka, ya kucheka naikumbuka, hata ya ugonjwa. Ya kupumzika sina.